Mwalimu wa Mishipa

Kwanza niseme wazi kwamba Mwalimu hakuwa mganga. Nasema hivi kwa sababu kwa miaka mingi baada ya yeye kuhama, nikipita sokoni Kahama hakosekani mzee wa kuniuliza yule mama fundi wa mishipa alikwenda wapi, na anauliza kwa sauti ya chini huku ameangalia pembeni. Najua anachotafuta. Nikimweleza kwamba Mwalimu alikuwa akifundisha bayolojia, na kwamba mishipa yake ilikuwa ya vyura, ananitazama kama mtu anayenyimwa. Basi namwelekeza hospitali, naye anaondoka amenuna.

Kosa lilikuwa la neno lenyewe. Kiswahili kina maneno mengi, lakini kwenye mshipa kilifanya ubahili. Damu inapita kwenye mshipa. Mtu akikasirika, mishipa ya shingo inamsimama. Na mwanamume akivimba mahali pasiposemwa mbele za watoto, huyo naye ana mshipa. Mwalimu alikuwa amesomea ng'ambo, tena kwa miaka, mishipa ya fahamu, ile myembamba kuliko uzi inayopeleka habari kutoka kwenye jicho au kidole hadi kwenye ubongo. Alipohamia Nyahanga, hapo hapo Kahama, nyumba ya pili kutoka kwetu, akina mama wakamwuliza bombani amesomea nini huko kwa Wazungu. Akajibu kwa ufupi, kama ilivyokuwa desturi yake, "Mishipa." Tangu siku hiyo wanaume wakaanza kuja.

Wa kwanza nilimwona kwa macho yangu, maana nilikuwa nimempelekea Mwalimu gauni nililomshonea, alijaribu. Alikuwa mzee mmoja kutoka Tinde, amevaa koti zito na joto lote lile, akakaa ukingoni mwa kiti kwa uangalifu mkubwa.

"Shikamoo, mzee," Mwalimu alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa wewe ndiye fundi wa mishipa."

"Fundi si sana. Ninajifunza."

"Wangu una miaka."

"Pole sana. Unasikia ganzi?"

"Ganzi hakuna. Uzito."

"Uzito!" Mwalimu akavuta kiti. "Mkono gani?"

Mzee akanitazama mimi, kisha akaitazama kofia yake aliyokuwa ameilaza mapajani. "Si mkono."

"Mguu?"

"Hapo unakaribia," mzee akasema.

Nilijaza khanga mdomoni. Mwalimu, Mungu amhurumie, hakuelewa kitu. Aliinuka akaenda uani, akarudi na beseni lenye chura ili amwonyeshe mzee jinsi mshipa unavyokatika na kukua tena. Mzee akamtazama chura, chura akamtazama mzee. Halafu mzee akauliza kwa adabu kabisa, "Huyu analiwa, au anapakwa?"

Ilibidi mimi ndiye nimnong'oneze Mwalimu sikioni. Nilitegemea afe kwa aibu, maana mwanamke asiye na mume kuambiwa mambo hayo na mzee wa watu ni fedheha. Hakuona aibu hata chembe. Alimwuliza mzee maswali mawili matatu kama anayeuliza habari za shamba, akamwambia ugonjwa wake unapasuliwa hospitali na asichelewe. Mzee akaenda, akapasuliwa, akapona. Na shukrani zake akampelekea nani? Alirudi na jogoo mwekundu, akamfunga kwenye nguzo ya baraza ya Mwalimu, akapiga magoti. "Wabeja, wabeja sana," alisema, na Kisukuma chake kilisikika hadi kwetu. Baada ya hapo wakaja wa Kahama mjini, wakaja wa Bukombe, akaja hata padri mmoja mzee ambaye alisema amekuja kuangalia vyura tu. Mwalimu akabandika kadibodi mlangoni: HAPA SI MAHALI PA MSHIPA. Wale waliokuwa hawajui nyumba ni ipi, sasa wakaijua.

Jambo jingine lililonichanganya ni hili. Huyu aliyesomea jinsi mishipa inavyojua njia, yeye mwenyewe hakujua njia yoyote. Nyahanga ya wakati ule haikuwa kubwa. Ukitoka bombani unaiona mashine ya kusaga, ukifika kwenye mashine unaiona nyumba yetu. Mwalimu alipotea kati ya bomba na mashine. Alisimama kila kona akauliza, hata kama jana yake alipita pale pale na kumwuliza mtu yule yule. Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye cherehani mlangoni pangu, akaja na kitambaa kwapani, akanisalimia vizuri, kisha akasema, "Samahani, mama, kwa Mama Kulwa ni wapi?"

"Mwalimu, ni mimi."

Akaitazama cherehani, akanitazama mimi. "Basi nimefika," akasema, akakaa.

Nilidhani ni macho. Macho yalikuwa mazima. Nikadhani ni kiburi cha wasomi wasiojali sura za watu, lakini wanangu mapacha, Kulwa na Doto, ambao hata mimi niliwakosea, yeye aliwatofautisha kwa kuangalia vidole tu. Na vyura wake aliwajua mmoja mmoja. Siku moja nikamchokoza: "Mwalimu, mishipa yako inafika kwao, mbona wewe hufiki?"

Hakukasirika. Aliniambia mshipa nao haujui njia. Unapoota kwenye jicho la kiumbe kilichoko tumboni, hauna ramani. Ncha yake inapapasa, kama mtu aliyenyoosha vidole kwenye nyumba isiyo na taa. Ikigusa hapa inaambiwa pita, ikigusa pale inaambiwa rudi. "Inauliza kila kona, Mama Kulwa," alisema. "Na mwisho wake inafika. Milango ni maelfu, yenyewe inagonga mlango wake."

"Nani anayeiambia pita?"

"Tuseme harufu. Ndama anamjuaje mama yake zizini?"

"Ng'ombe ni ng'ombe. Anajua."

"Hapo kwenye kujua ndipo nilipokwama mimi," akasema, akamalizia chai yake, akatoka, akageukia upande usio wa kwake.

Vyura aliwaweka kwenye mabeseni uani, juu yake wavu wa dirisha. Mvua zikinyesha alikwenda lamboni na ndoo, akarudi na tope hadi magotini, na ukimwona hivyo huwezi kuamini kwamba amewahi kupanda ndege. Mume wangu, Baba Kulwa, aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha pamba, hakuwapenda. "Mtu mzima na elimu yake," alikuwa akisema, "anafuga kelele." Mimi sikuwaogopa mpaka siku aliponionyesha wale wa beseni la mwisho.

Hao alikuwa amewalaza kwa dawa ya usingizi, akakata mshipa wa jicho, akaligeuza jicho lenyewe juu chini. Yote mawili, la kulia na la kushoto. Akasubiri. Kwa chura mshipa wa jicho unaota tena, na ulipoota, kila uzi ulirudi mahali pake pa zamani ubongoni, kama vile hakuna kilichobadilika. Lakini jicho lilikuwa limegeuzwa. Alining'iniza nzi kwa uzi mwembamba juu ya kichwa cha chura. Chura akakusanya miguu, akajitupa kwa nguvu zake zote chini, akauma tope. Akamning'iniza tena. Chura akauma tope tena.

"Atajifunza lini?" niliuliza.

"Hajifunzi. Huyu nimekaa naye tangu masika ya mwaka juzi. Akiona nzi juu, anaruka chini."

Kisha akamfungua mdomo kwa kidole, taratibu, akamtia nzi. Aliwalisha hivyo kila siku, mmoja baada ya mwingine, kabla yeye mwenyewe hajaweka kitu kinywani, maana bila mkono wake wangekufa na njaa katikati ya nzi. Sikujua nimwite mkatili au mwenye huruma. Ndiye aliyewapofusha, ikiwa huko ni kupofuka, na ndiye aliyekuwa mama yao.

Nilimwuliza pia kwa nini aliacha maabara za Wazungu, zenye mitungi ya kioo na joto linalopimwa, akaja kufuga vyura kwenye mabeseni Kahama. Mjini zilivuma sababu nyingi: amefukuzwa, amegombana, kuna mwanamume. Yeye aliniambia kwamba kule walimwambia swali lake limeshajibiwa. Kila uzi una anwani, unakwenda kwenye anwani yake, basi, fanya kingine. "Mimi nikawauliza, uzi ukipotea, ukaingia nyumba si yake, mwenye nyumba anafanya nini? Anaufukuza? Anauzoea? Wakasema chura ameshatujibu, hauzoeleki." Akacheka. "Nikasema basi kama ni vyura tu, hata kwetu wapo."

Sasa nifike kwenye neno lililowakera wengi. Kwetu mwanamke akiulizwa kama ameolewa hasemi hapana. Anasema bado, hata kama meno yameanza kupungua, kwa sababu hapana ni kama kujiapiza. Mwalimu alisema "Hapana," akaendelea kujaza ndoo yake. Mama mkwe wangu alipokuja kutoka Ushirombo, na rozari yake shingoni, akamsikia kwa masikio yake.

"Hapana gani hiyo, mwanangu? Sema bado."

"Bado maana yake nasubiri, mama. Mimi sisubiri."

Mama mkwe aliniuliza nyumbani kama yule mwalimu ni mgonjwa. Lakini mwanamke huyo huyo ukimwuliza habari za kazi yake, umejua mshipa unavyochagua njia, umejua kwa nini chura hajifunzi, anasema "Bado," tena kwa furaha, kama mchumba anayetajiwa mahari. Darasani ilikuwa vilevile. Wanafunzi wakiuliza jambo asilolijua alisema bado halijulikani, na wazazi wakalalamika kwamba wamepeleka watoto wakajue, si wakaambiwe bado. Mimi nilikuwa upande wa wazazi. Mwalimu ni wa kujua.

Halafu nikakatika mkono.

Nilikuwa nasafisha kioo cha taa ya chemli. Mvua ilikuwa imenyesha, sakafu ya baraza ina utelezi, nikaanguka na kioo mkononi, kikapasukia chini ya kifundo cha mkono wa kulia. Hospitali walinishona, na daktari akasema ameunga na mshipa. Baba Kulwa, katika kuwaeleza ndugu, akawaambia, "Mke wangu ameungwa mshipa," na hadi Bukombe watu wakashikana mikono wakijiuliza mwanamke anaupataje. Nilicheka na mimi, lakini kicheko hakikukaa. Kidonda kilifunga, nyuzi zikatolewa, na vidole vitatu, gumba, cha shahada na cha kati, vilikuwa vimekufa. Vilikunja, vilikunjuka kidogo, lakini havikusikia. Niliokota sindano ikaniponyoka bila kujua imeondoka. Nilishika sufuria ya moto mpaka Doto akapiga kelele. Cherehani ndiyo iliyokuwa nusu ya chakula chetu, na fundi hashoni kwa macho, anashona kwa ncha za vidole. Nilikuwa kijana bado. Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa.

Mwalimu alikuja kila Jumamosi. Wakati mwingine alifika mchana kwa sababu ya kupotea njiani, nyumba mbili tu, lakini alifika. Alinigonga taratibu kwa ncha ya kidole chake, kuanzia kwenye kovu kwenda mbele, na mahali fulani nikasikia kama sisimizi wa moto wanatimka kuelekea vidoleni. "Hapo," alisema, "hapo ndipo nyuzi zilipofika," akaniwekea doa la wino wa bluu. Jumamosi iliyofuata sisimizi walikuwa wamesogea mbele kidogo, na doa likasogea. Akina mama wa bombani walipoona madoa yanatembea kwenye kiganja changu walijua moja kwa moja kwamba nimechanjwa dawa, na mmoja akaniomba nimwulizie kama inatibu na ugumba.

"Zinakwenda taratibu," nililalamika.

"Zinauliza kila kona," alisema.

Naye alinifariji, sisemi uongo. Alinieleza kwamba kila uzi una kwao, na nilipoota kitandani niliziona nyuzi zangu zinatembea kiganjani kama ng'ombe wa jioni. Sikuwa na imani kubwa na vyura, lakini nikawa na imani na lile doa.

Siku lilipofika kwenye ncha ya gumba, alikuja na sindano yangu mwenyewe, ya kushonea vifungo. Akaniambia nifumbe macho. Baba Kulwa alikuwa amesimama mlangoni na watoto. Nikasikia chomo, kali, tamu, maana lilikuwa la kwanza tangu mvua zile. Nikapiga yowe na kukishika kidole changu cha kati.

Baba Kulwa akaangua kicheko. "Umechomwa huku unashika kule?"

Nikafumbua macho. Sindano ilikuwa kwenye gumba. Akanichoma cha shahada, nikasikia gumba. Akanichoma cha kati, nikasikia sehemu ya cha shahada na sehemu ya kiganja. Nyuzi zilikuwa zimefika, lakini zimeingia nyumba za jirani. Nikamtazama Mwalimu anisaidie, na nilichokiona usoni kwake sijakisahau. Uso ulikuwa umewaka. Uliwaka kama wa mtu aliyetafuta kitu ng'ambo na lamboni akakikuta barazani kwa fundi cherehani.

Hasira zilinipanda hadi kisogoni. "Mwalimu," nikasema, "mimi si chura."

Akaacha sindano ianguke. "Ninajua."

"Hujui. Unafurahi. Nitauma tope maisha yangu yote, na wewe unafurahi."

Baba Kulwa akawatoa watoto. Mwalimu alilaza mikono mapajani, na mara hii hakuwa na mfano wa ndama wala wa mlango. Nilimwuliza lile lililokuwa linaniua: je, nitajifunza, au nitakuwa kama wale wa beseni la mwisho?

"Bado," akasema.

"Bado nini?"

"Bado sijui. Hakuna anayejua. Chura hawezi. Mtu, sijui."

"Basi mimi nakwambia. Hapana. Havitarudi."

"Usiseme hapana, Mama Kulwa." Sauti yake ilikuwa ndogo, na macho yamemjaa machozi. "Kuolewa kwangu, sawa, sema hapana. Mkono huu sema bado."

Nilimwambia aende zake. Akaenda, na kwa mara ya kwanza akashika njia ya kwake bila kumwuliza mtu. Sijui hata hilo nilielewe vipi.

Tulinuniana, halafu tukaacha, kama majirani wanavyoacha, bila mkutano. Alianza kuniletea nguo za kushona ambazo hazikuhitaji kushonwa. Alileta shuka akataka ipindwe, akaleta tena shuka ile ile ifumuliwe, ati upindo ni mpana. Ilikuwa miaka ya foleni za vitambaa, watu hawana cha kuleta, na mimi nilikuwa na shuka moja ya Mwalimu niliyoipinda na kuifumua mpaka ikawa laini kama ya mtoto mchanga. Nilishona nikiangalia vidole kama ninayevilinda visiibe. Cha kati kikiuma natazama gumba. Gumba likiwasha nakuna cha shahada. Nililia juu ya shuka ile mara nyingi. Yeye alikaa kwenye kigoda, hakunipima, hakuuliza, na wino hakuleta tena. Kisha akapata uhamisho kwenda shule za magharibi, akaondoka na mabeseni yake juu ya lori la pamba, na yule jogoo wa mzee wa Tinde, ambaye hakuwahi kumchinja, akaniachia mimi.

Miaka ikapita. Kulwa wangu akakua, akakimbilia dhahabu ya Geita, kwenye maduara, yale mashimo wanayoshuka kwa kamba, nami kwa kuwa moyo haukutulia nikamfuata, nikafungua kibanda cha kuwashonea wachimbaji suruali. Suruali ya mchimbaji ni turubai tupu. Fundi asiye na vidole haiwezi. Nilikuwa naiweza.

Siku moja nilikuwa stendi ya Chato na furushi la dagaa, kwenye foleni ya basi la Geita. Mbele yangu alisimama mama mmoja mwembamba, nywele zimekuwa nyeupe, gauni limepindwa kwa mkono usio wangu, tena vibaya. Akageuka.

"Samahani, mama. Hili ndilo la Biharamulo?"

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema. "Hili la Geita. Ni mimi."

"Marahaba," akaitikia, akanitazama kwa heshima, kama unavyomtazama mgeni. Kisha akashusha macho, akauona mkono wa kulia, akaunyakua, akaugeuza kovu juu. "Mama Kulwa!" akauambia mkono.

Tukatoka kwenye foleni. Hakuuliza habari za watoto wala za Baba Kulwa. "Fumba macho," akasema, pale pale, kati ya wauza ndizi na wapiga debe. Nikafumba. Akanigusa.

"Kipi?"

"Gumba."

"Na hiki?"

"Cha kati."

"Hiki?"

"Cha shahada."

Sikukosea hata kimoja. Nilipofumbua macho niliona amekaa juu ya furushi langu la dagaa, mkono wangu bado ameushika.

"Umekisikia hapo hapo," akauliza, "au umekijua?"

Zamani nilijua: kinauma hapa, basi ni kile. Nilikuwa ninahesabu. Halafu siku zikaenda, turubai likaja, na sikumbuki ni lini niliacha kuhesabu. Nilimweleza hivyo. Nilimwambia ni kama mahali ambapo vitambaa viwili vimeungwa, na mshono nilishona mwenyewe, lakini sasa nautafuta siuoni.

"Sijui, Mwalimu," nikasema. "Na wewe? Umeshajua?"

"Bado." Akatabasamu kwa meno machache. Vyura walikuwa wameisha, alisema. Wale wa beseni la mwisho aliwalisha kwa mkono hadi wa mwisho akafa kwa uzee.

Nikamchokoza, maana roho ilikuwa inataka kulia. "Na kuolewa?"

"Bado, Mama Kulwa," akasema.

Nilimtazama nione kama anatania. Sikuweza kujua, na hadi leo sijui.

Basi la Biharamulo lilikuwa upande wa pili, linanguruma. Nilijitwika furushi, nikashika kwa mkono wa kushoto, wa kulia nikampa yeye. Hakushika mkono. Alishika gumba peke yake, kama mtoto anavyomshika mama yake sokoni, na tukavuka hivyo. Kiganja chake kilikuwa cha moto, labda alikuwa na homa. Tulipofika mlangoni akamwuliza utingo kama hili ni la Biharamulo, ingawa nilikuwa nimetoka kumwambia. Akapanda. Nikabaki chini, na ndipo nikashtuka. Lile joto lote la kiganja chake, njia nzima, nilikuwa nimelisikia kwenye kidole cha kati, ambacho hakukigusa.

Nikakimbilia dirishani. "Mwalimu! Umenishika gumba, nimesikia cha kati!"

"Nini?" Injini ilikuwa inamzidi.

"Bado!" nikapiga kelele. "Nasema bado!"

"Bado nini, mama?" utingo akanijibu kwa ukali. "Basi limejaa, tunaondoka."

Lakini yeye alikuwa amesikia. Uso ukamwaka vilevile kama siku ile ya sindano, na safari hii sikukasirika, nilicheka huku machozi yananitoka, furushi linaniegemea shingoni. Basi likaanza kwenda. Mwalimu akatoa mkono dirishani, akampungia kwa furaha mwanamke mwingine aliyekuwa amesimama kando yangu. Yule mwanamke akashangaa. Mimi nikapunga.